Lijamu Yangu na Ukuta wa Shangazi

Kila asubuhi, kwa muda wa nusu saa hivi, meno yangu hayakutani. Ya chini yametangulia mbele, ya juu yamebaki nyuma, na magego yanapishana kama ndugu waliogombana msibani. Nikijaribu kutafuna kipande cha muhogo, ulimi ndio unaoumia. Kwa hiyo baada ya swala ya alfajiri nakaa barazani na mswaki wa mti, nauuma upande wa kulia, nauuma upande wa kushoto, taratibu, mpaka taya likubali kurudi mahali pake. Daktari wa meno alinipa kijiplastiki cha kufanyia zoezi hilo, nikakipoteza wiki ya kwanza. Mswaki unatosha.

Sababu ni kidude ninacholala nacho. Ni vipande viwili vya plastiki ngumu, kimoja cha meno ya juu, kingine cha meno ya chini, vimeunganishwa kwa vyuma vidogo pembeni ili taya la chini livutwe mbele, lisirudi nyuma na kuziba koo. Mke wangu anakiita lijamu, kile chuma cha kinywani mwa punda, na jioni huniuliza kama nimeshafungwa. Nacheka naye. Lakini kila ninapokitoa asubuhi na kukisuuza kwa maji baridi, namkumbuka mtu niliyemtoa nyumbani kwangu kwa kosa ambalo kidude hiki kimenithibitishia kwamba hakulifanya. Naandika kwa ajili yake. Habari za meno ni mlango tu wa kuingilia.

Mimi ni fundi cherehani. Banda langu liko Ujiji, karibu na soko, na kwa miaka mingi nilijisifia mambo mawili: kanzu zangu hazipindi mshono, na mimi sikoromi. Mke wangu alipohamia chumba cha mabinti kwa sababu ya kelele zangu, nilisema ameanza kuzeeka, usingizi wake umekuwa mwepesi. Wageni waliolala sebuleni walipoulizana asubuhi kama kuna mashine ya kusaga jirani, niliwaambia ni injini za mitumbwi ya dagaa. Kutoka kwangu hadi ufukweni ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, lakini hakuna aliyenibishia. Nina hasira za karibu, na watu wa nyumbani wanajua.

Shangazi yangu, dada wa baba, ndiye aliyenilea. Baba alishuka kutoka Kalinzi akiwa kijana, akaoa Ujiji, akabaki. Mama alipofariki nikiwa mdogo, shangazi akaacha kahawa yake mlimani, akashuka, akanipikia na kuniogesha na kunichapa mpaka nilipoota ndevu, kisha akarudi kwake. Magoti yalipomshinda kwenye miinuko ya kule, nilimfuata nikamleta nyumbani. Hilo nilifanya vizuri. Nilimwandalia chumba cha uani chenye dirisha kubwa na hewa, akalala humo usiku mmoja, akakikataa. Akataka kile kidogo chenye giza, kinachopakana na changu, kitanda chake kikae ukutani upande wangu. Mke wangu alimwambia kile kina joto. Akasema wazee wanapenda joto. Sikuuliza zaidi.

Mwaka mmoja baada ya yeye kuja, nilianza kukabwa. Naweza kusema nilikuwa nakabwa tangu zamani, ila ndipo nilipoanza kuzinduka. Nilikuwa naamka ghafla, kifua kizito, koo limefungwa, mdomo mkavu, moyo unapiga kama nimekimbizwa. Na kila nilipoamka hivyo, nilisikia ukuta unagongwa. Mara tatu, kavu, kwa kitu kigumu. Halafu kimya. Mchana nilikuwa mchovu mpaka nasinzia juu ya cherehani. Siku moja sindano ilipita kwenye kidole cha shahada ikatokea upande wa pili, na nguo ya harusi ya watu ikapata damu.

Nililipeleka jambo hilo mahali ambapo sisi wanaume wa mtaa wetu tunapeleka mambo yote: barazani, baada ya swala ya alasiri, kwenye kahawa chungu na kashata. Nikaeleza kukabwa, nikaeleza kugongwa kwa ukuta. Wakubwa wakatikisa vichwa. Mmoja akasema hilo ni jinamizi, na jinamizi la kila siku lina mwenyewe. Mwingine akauliza nani analala upande wa pili wa ukuta. Nilipojibu, akapuliza kahawa yake, akasema kikulacho ki nguoni mwako. Hakuna aliyemtaja. Mimi ndiye niliyelitoa jina lake kinywani na kuliweka katikati ya vikombe.

Nikaandikiwa kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, nikaosha na kunywa siku saba. Sikupata nafuu. Usiku wa saba nilipozinduka na kusikia ukuta, niliamka nikaufungua mlango wake bila hodi. Shangazi alikuwa ameketi kitandani gizani, macho wazi, fimbo yake ya kutembelea mkononi. Saa nane usiku. Tukatazamana. Akaniuliza kama nataka maji ya kunywa. Nikafunga mlango nikarudi kwangu, na moyoni nikasema nimemkamata.

Nilitakiwa kumuuliza. Swali moja tu lingetosha: shangazi, mbona hujalala? Nimelirudia swali hilo mara nyingi sana baadaye, peke yangu, nikiwa nakanyaga cherehani, na kila mara najiona nimesimama pale mlangoni na mdomo umefungwa.

Mke wangu alinikatalia. Alisema yule mama amekulea, hata kama ana kasoro zake umsitiri. Nilimwambia kwa sababu yeye analala chumba kingine hajui ninayopitia. Siku ya tatu nilimwambia shangazi kwamba hewa ya Ujiji haimfai, kwamba Kalinzi kuna baridi nzuri kwa magoti, na kwamba nimeshapata gari linalopandisha. Uongo wa mtu mzima mbele ya mtu mzima. Hakulia wala hakuuliza amekosa nini. Alifunga godoro lake kwa kamba, akanipa mkono, akasema maneno ambayo niliyabeba miaka miwili kama ushahidi:

"Sasa usiku utakaa na nani?"

Niliyapeleka na hayo barazani. Tukakubaliana kwamba amekiri mwenyewe.

Kukabwa hakukukoma. Unadhani hilo lilinizindua? Nilisema mchawi hana mpaka, anafanya kazi hata akiwa Kalinzi. Tofauti ilikuwa moja tu: ukuta haukugongwa tena, na nilikuwa nakaa muda mrefu zaidi ndani ya kile kiza kabla sijazinduka, naamka kichwa kinauma kama kimefungwa waya. Na wafanyabiashara wanaoteremsha kahawa kutoka Kalinzi walikuwa wanakaa kwenye baraza lilelile. Neno langu likapanda nao mlimani.

Ni binti yangu anayeishi Dar es Salaam aliyenivuta kwa nguvu. Nilikwenda kumwona mjukuu, nikasinzia na mtoto mapajani, mtoto akateleza hadi chini. Hakuumia. Binti yangu alimwokota mtoto, na kesho yake nilikuwa hospitali. Presha ilikuwa juu. Daktari akaniuliza kama nakoroma, nikasema hapana, binti yangu akatoa simu akamsikilizisha. Alikuwa amenirekodi. Ni mimi, baba yake, naunguruma, naunguruma, halafu kimya kirefu mpaka daktari mwenyewe akainua macho, halafu mlipuko wa mtu aliyetolewa kwenye maji. Nilitaka ardhi ipasuke.

Walinilaza usiku mmoja na mkanda kifuani na kibanio kidoleni. Majibu yalisema katika saa moja pumzi yangu ilikatika mara nyingi kuliko rakaa za siku nzima. Daktari alieleza kwamba koo linalegea, ulimi na taya vinaanguka nyuma, njia inaziba, na mwili unaamka kwa kuchelewa ili usife. Hana jinamizi kwenye maelezo yake. Tiba ya kwanza aliyoitaja ni mashine ya kupuliza hewa usiku kucha kwa umeme. Nilimweleza tabia za umeme wa kwetu, na akanipeleka kwa daktari wa meno.

Huyo alinijaza kinywani sinia la chuma lenye kitu laini kama unga wa maandazi, akaniambia niume nitulie. Nilitulia na machozi. Wiki chache baadaye nikakabidhiwa lijamu, kopo lake, na kijifunguo cha kuzungushia skrubu kidogo kila wiki ili taya lisogee mbele polepole.

Siku za mwanzo nilikichukia. Mate yalinitiririka mpaka mto ukaloa. Meno ya mbele yaliuma kama yanang'olewa, taya likauma hadi sikioni, na mara mbili nilikikuta asubuhi chini ya shuka bila kukumbuka nilikitoa saa ngapi. Mke wangu, kwa nia njema, alikimwagia maji ya moto ili kiwe safi, kikapinda kidogo upande mmoja, nikamfokea kwa sauti ambayo majirani waliisikia. Kilirudishwa Dar kunyooshwa. Kilipofika tena nilianza upya, saa moja nikiwa macho nasikiliza redio, saa mbili, kisha usiku mzima.

Halafu ikaja asubuhi moja niliyoamka mwenyewe kabla ya adhana, kichwa chepesi, kifua kimefunguka. Sikuwa nimeamka hivyo tangu ujana. Niliketi kitandani nikasema alhamdulillahi, na kabla sijalimaliza neno hilo nikamwona shangazi anafunga godoro lake kwa kamba. Kama vipande viwili vya plastiki vimemfukuza jinamizi, basi jinamizi hakuwa na mwenyewe.

Ningependa kuandika kwamba nilipanda Kalinzi siku hiyohiyo. Sikupanda. Barazani waliona uso wangu umenawiri, wakasema kombe limefanya kazi hatimaye, nami nikanywa kahawa yangu. Miezi miwili nilinywa kahawa hiyo. Na kuna jambo baya zaidi. Wakati fulani niliacha kuvaa lijamu siku nne kwa makusudi, nikiomba nikabwe kwa namna ambayo daktari hawezi kueleza, ili ionekane sikumdhulumu. Nilimwombea mama aliyenilea awe mchawi kweli. Nilikabwa, ndiyo, kama daktari alivyosema nitakabwa. Nikazinduka kila mara kwenye chumba kimya.

Kilichobaki kunitetea ni ule ukuta tu. Koo langu linaweza kuziba lenyewe, lakini fimbo haigongi ukuta yenyewe. Nilipanda Kalinzi nikiwa na msamaha mfuko mmoja na swali mfuko mwingine, na nikiri kwamba swali ndilo lililokuwa zito.

Nilimkuta uani kwake, juu ya mkeka, anachambua maharage. Amekonda. Niliposema shikamoo alinitazama kwanza, akaitikia marahaba, kisha akaanza salamu za Kiha, mwakeye, mke je, mabinti je, cherehani je, taratibu bila kuruka hata mmoja, kama ilivyo desturi ya kwao. Kila jina alilolitaja lilinichoma. Banda la jirani lilikuwa hatua chache tu, na watoto walikuwa wanacheza kule, lakini hakuna aliyekaribia mkeka wake. Mtoto mmoja mpira ulimtoka ukaja hadi miguuni mwangu. Akasimama mbali akisubiri niurushe.

Nikamwambia. Nilianza na hospitali kwa sababu ilikuwa rahisi, nikatoa kopo, nikamwonyesha kidude. Alikichukua, akakigeuza, akaniuliza kama meno yangu yote yameng'oka. Nikasema hapana. Kisha nikasema nilichokisema juu yake barazani, neno lenyewe, bila kulivisha nguo. Hakustuka. Lilikuwa limemfikia zamani. Na hapo, badala ya kunyamaza, nikauliza kuhusu ukuta.

Aliweka ungo chini.

"Wewe unakoroma, mwana wanje," akasema, yaani mwanangu kwa Kiha. "Halafu unanyamaza. Nikiona kimya kimezidi, nagonga. Ukivuta pumzi, nami nalala."

Nilikaa nimeshika lile kopo. Akaendelea, akitazama maharage, kwamba baba yangu alikuwa hivyohivyo tangu ujana, na kwamba walipokuwa watoto wakilala nyumba moja, mama yao alimpa yeye kazi ya kumtikisa. Akaolewa, akaacha kumtikisa; aliposhuka kunilea akaanza tena, kisha akarudi Kalinzi. Baba alikutwa asubuhi amekufa kitandani, nami najua hivyo, nilikuwepo. Tulisema ni mapenzi ya Mungu tukazika. Yeye alisema moyoni kwamba ni kwa sababu hakuwa karibu. Aliponisikia usiku wa kwanza alipofika kwangu, akaomba kile chumba.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilikuambia," akasema. "Ulisema wewe hukoromi."

Nilikumbuka. Ilikuwa asubuhi, nilikuwa nakunywa chai, nilimkatiza kabla hajamaliza.

Nililia pale, mtu mwenye wajukuu, na sikuona haya. Niliomba msamaha. Akasema yeye amenisamehe zamani, ameshanilea, nimeshamkojolea, atanifanya nini. Lakini akasema msamaha wa uani hautoki nje ya ua. Alipika maharage kwenye msiba wa jirani na sufuria yake ikarudi imejaa. Tangu hapo hapeleki kitu. "Chakula changu hakiliwi," akasema. Mtu yeyote wa kwetu anaelewa maana ya mwanamke ambaye chakula chake hakiliwi.

Kwa hiyo jioni ile nilimwomba apike. Nikachukua mkeka nikautandika nje kabisa, kando ya njia, wakati watu wanarudi na vikapu vya kahawa. Ugali wa muhogo, maharage ya mawese. Nikala kwa mkono, sahani moja na yeye, tonge baada ya tonge, na kila aliyepita nilimsimamisha nikamkaribisha, nikamwambia mimi ndiye niliyesema, nami niliongopa. Ugonjwa ni wangu, uko kooni. Wengi walisema wameshiba. Mama mmoja mzee alikaa, akanawa, akala matonge matatu. Shangazi alimsogezea mboga bila kumtazama usoni.

Ijumaa iliyofuata, Ujiji, nilisema hivyohivyo barazani. Haikuwa na ushujaa wowote. Niliweka kopo la lijamu katikati ya vikombe, mahali nilipoweka jina lake, nikaeleza. Mmoja alisema labda ni vyote viwili, koo na uchawi pia. Mwingine alibadilisha mazungumzo, akauliza bei ya migebuka, samaki wa ziwa letu. Maji yakimwagika hayazoleki, nilizoa nilichoweza. Shangazi nimemwomba arudi, kasema magoti yamezoea baridi. Sijui kama sufuria yake sasa inarudi tupu. Nikipiga simu namuuliza habari zote isipokuwa hiyo.

Lakini ninaloamka nalo kila siku ni usiku ule wa Kalinzi, kabla sijashuka. Alinitandikia chumba cha mbele, ukuta wa udongo kati yetu. Nilivaa lijamu nikalala mara moja kwa uchovu wa kulia. Sijui ilikuwa saa ngapi nilipoamka. Sikuwa nimekabwa. Kifua kilikuwa shwari, pumzi inaingia na kutoka bila sauti. Ukuta ulikuwa unagongwa. Mara tatu, kavu. Halafu tena, kwa haraka zaidi. Amezoea mkoromo wangu. Kimya hiki kirefu hakukijua.

"Upo?" akaita.

Kinywa kilikuwa kimejaa plastiki, taya limefungwa, nikashindwa kumjibu neno linaloeleweka. Nikakunja ngumi nikagonga ukuta mara tatu. Nikamsikia anaiegemeza fimbo, kitanda kikalia, na baada ya muda akaanza kukoroma kidogo, mkoromo mwepesi wa kizee. Mimi sikulala tena. Nilisogea ukutani, nikakaa nikisikiliza pumzi zake mpaka kulipokucha.